Kete ya Sitini na Nne

Siku nilipotoka eda
nililivuta bao kutoka uvunguni,
nikalipangusa kwa upindo wa kanga,
nikamwaga kete mkekani, nikahesabu.
Sitini na tatu.
Nikarudia: sitini na tatu.
Moja Mihambo kaondoka nayo,
au panya, au ufa wa sakafu.
Miaka yote hiyo hakuniambia.

Mimi nilikuwa mtu wa kupita na kahawa.
Miaka thelathini na minane, barazani Isevya,
vikombe vinakwenda, vikombe vinarudi,
wanaume wanatambiana,
na Mihambo, mpeperusha bendera wa stesheni,
ananamua kwa mkono uleule
ulioiruhusu treni ya Kigoma iende zake.
Walidhani sioni.
Nyumba yake ikikaribia kuliwa
nilijua kabla yake.
Nikamimina kahawa. Nikanyamaza.

Sasa nasahau, tusifichane.
Ilianza na chumvi, mara mbili mchuzi mmoja.
Kisha jina la mkwe wangu,
binti wa watu, ananiamkia, nami natabasamu tu.
Kisha ugali: nasonga wa watu wawili.
Hilo la ugali sijui
kama ni kusahau au ni kukumbuka.

Alasiri moja, sokoni, karanga mkononi,
njia ya kurudi nyumbani ikafutika
kama ubao wa shule baada ya kengele.
Muuza asali akanishika kiwiko.
"Bibi Nyamizi, kwako ni kule."
Nikamwambia najua, nilikuwa napumzika.

Kitete, kijana wa koti jeupe akaniuliza:
mia toa saba?
Tisini na tatu.
Toa saba tena.
Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili.
Nilipofika sitini na tano nikamwambia,
hapa toa moja tu, mwanangu,
bao litimie.
Akaacha kuandika.
"Bibi, mchana kutwa unafanya nini?"
"Nasubiri."
"Unasubiri nini?"
Nikatazama dirisha. Palikuwa na dirisha.

Ndipo nikakata kifungo
kwenye koti lake la reli, kile cha juu,
cha shaba, kizito kuliko kete tatu,
nikakitia shimoni. Sitini na nne.
Nikamwita Tatu binti Feruzi wa nyumba ya pili,
mjane mwenzangu, macho mabovu, ulimi mzima.
"Bao? Mimi na wewe? Barazani?"
"Barazani."

Wifi yangu Kalekwa alipita na kikapu.
"Kaburi halijaota majani," akasema,
na mjane anacheza kama mwanamume.
Tatu hakuinua uso.
"Usimjibu. Utapoteza hesabu."

Kweli, hesabu ndiyo inayonishika.
Nachota, napanda moja moja, nazunguka kichwa,
vidole vinajua mahali ambapo mimi sijui.
Zipo siku zinateleza: nasimamisha mkono hewani
na sikumbuki nilikuwa naelekea wapi.
Tatu anangoja. Hanihimizi.
Anakohoa kidogo, kikohozi cha adabu,
na shimo linajitokeza.

Kifungo nakisikia kikipita.
Kete zinasema tiki, tiki,
chenyewe kinasema to.

Jana Tatu alikula shimo langu la mbele
akakibeba kifungo, akakipanda upande wake,
nyuma kabisa, mbali.
"Nirudishie mume wangu," nikasema.
Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.
"Njoo umle mwenyewe!"

Treni ikapiga honi, ikichelewa kama kawaida yake.
Nikageuza shingo kuelekea stesheni,
nikakaa hivyo, sijui muda gani.
Niliporudi, bao lilikuwa mbele yangu,
kete zimetulia, kivuli kimeshafika mkekani.
"Zamu ya nani?" nikauliza.
"Yako," akasema Tatu.
"Ni yako tangu zamani."